Kalamu ya Wino

Jumatatu, siku moja baada ya Kilimanjaro Marathon, nilipanda Kibosho kumsalimia baba mdogo. Kushuka kwenye daladala tu kulinichukua muda mrefu kuliko mbio zenyewe. Nilikuwa nimekimbia zile kilomita 5 za kujifurahisha, palepale Moshi mjini, bila kunyoosha hata kidole. Wenzangu wa kilomita 42 waliupanda mlima wa Mweka wakarudi, na kesho yake wakaenda kazini. Mimi nilikaa barazani, mguu mmoja umetangulia mbele kama mpini wa jembe.

Maandazi yakaletwa yamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti wenye fumbo la maneno. Baba mdogo akatoa kalamu ya wino. Penseli, kwake yeye, ni ya watu wasio na hakika.

"Mtanzania, bingwa wa..." Mbele pamelowa mafuta. "Herufi tano."

Akaandika SIMBA. Nikamkumbusha kwamba ubingwa Yanga wameubeba misimu minne mfululizo. Akakoleza wino.

"Mnyama wa misitu ya Kilimanjaro, mkia mweupe. Herufi tano."

Nikasema mbega, tena nimewaona kwa macho yangu msitu wa Rau, mikia inaning'inia kama mashuka yaliyoanikwa. Lakini hapo hapo mama mdogo akapita na kibuyu cha pombe, na mkono wa baba mdogo ukafuata macho yake. MBEGE.

"Baba mdogo, mbege ni mnyama?"

"Kunywa lita mbili ndipo uniulize."

Likabaki neno refu la kwenda chini, linalokatiza yote mawili: "Afanyalo mkimbiaji kabla ya mbio, herufi 11." K tulishaipata kwenye kuku, ya pili ni A ya Simba, na mwisho kabisa E ya mbege. Tuliguna mpaka chai ikapoa. Nikainuka nikapunge upepo. Msuli wa paja ukakaza, nikaikumbatia nguzo ya baraza nikipiga yowe.

"Kajinyooshe huko kwenye majani ya ng'ombe!" mama mdogo akafoka kutoka jikoni. "Panga liko mlangoni."

Baba mdogo akaanza kuhesabu kwa vidole. Vyake vikaisha, akaazima kimoja changu. Kumi na moja!

"Kocha ndiye anayemwambia," akasema, akaandika KAJINYOOSHE kwa herufi nene.

Majibu tuliyakuta baadaye, yamechapwa kichwa chini, andazi la mwisho limeyakalia. SIMBU. Ndiye Alphonce Simbu, aliyetwaa marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, Mjerumani Amanal Petros akiwa amejirusha mzimamzima kwenye mstari. MBEGA. KUJINYOOSHA. Nikahesabu upya: fumbo zima, vijumba tulivyokosea ni viwili.

"Viwili tu?" Baba mdogo akajifuta mafuta vidoleni. "Basi hao wa gazeti wamejitahidi."