Jinsi ya Kuwakatia Wafanyakazi Bima na Kusamehewa Kodi

Hongera, bosi. Umefungua saluni Nakuru, una wasusi wanne na msaidizi mmoja, na umesikia kwamba anayewalipia wafanyakazi bima ya afya husamehewa kodi. Ni kweli. Fuata mwongozo huu nawe utasamehewa kila kitu isipokuwa kodi.

Anza kwa kuwatangazia kwamba kuanzia mwezi huu wana kava. Kisha kata asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mmoja, uipeleke SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Msusi wa shilingi 30,000 ataona 825 zimeyeyuka na atataka kujua ni nani hasa anayemlipia mwenzake. Usibabaike. Sheria haikudai uongeze hata senti. Kazi yako hapo ni utarishi tu. Tangu Desemba 2024 makato hayo huondolewa kabla ya PAYE, kodi ya mshahara, kupigiwa hesabu, kwa hiyo nafuu ipo, ila ni yake.

Ukiona haya, nenda kwenye kampuni ya bima ununue kava yenyewe. Tuseme 120,000 kwa mwaka. Sasa kaa usubiri serikali ikurudishie. (Wanaoanza biashara ni hodari wa kusubiri.) Malipo ya bima ni gharama ya biashara, hutolewa kabla faida haijatozwa kodi, kampuni inayolipa asilimia 30 itaokoa 36,000, na zile 84,000 zimekwenda. Mfanyakazi wa kudumu naye hatozwi kodi kwa kava aliyopewa na mwajiri, na hilo ni jema. Asijaribu tu kudai juu yake nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya malipo ya bima, maana hiyo anaipata anayelipia bima kutoka mfukoni mwake.

Lakini nani kasema wewe ni kampuni? Saluni inaingiza 500,000 kwa mwezi. Mauzo ya mwaka yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25, makazi yako ni TOT, kodi ya mauzo ghafi: asilimia 3 ya kila kinachoingia, bila kutoa kodi ya chumba, umeme wa draya wala bima. Ni 15,000, kufikia tarehe 20. Ukiwakatia bima wote watano, 15,000. Ukiwaacha wapone kwa maombi, 15,000. Hapo ndipo mzaha unaponishinda: mdogo ndiye mwenye shida ya nafuu hii, na mdogo ndiye asiyeiona.

Mlango wa kutokea upo. Mwandikie Kamishna wa kodi kwamba hutaki TOT, utatozwa kwa faida. Kuanzia siku hiyo weka vitabu, na kila chupa ya shampuu unayotaka itambuliwe kama gharama uidaie ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi. Utahitaji mhasibu. Ada yake nayo hutolewa kabla ya kodi, mradi naye akupe ankara ya eTIMS.