Mdhamini Ni Mimi

Jirani, ukiwa na mtoto anayetaka kusoma sheria, mwambie asubiri kwanza mjomba wake afe. Nakwambia kwa nia njema kabisa. Mpwa wangu, binti wa dada, kachaguliwa sheria. Mwaka wa kwanza, chuo kikuu fulani huko Dar, jina silitaji kwa sababu kule kila anayepita koridoni anajua kushitaki. Ukoo mzima ukapiga vigelegele. Mashangazi wakatoka na ngoma hadi barabarani hapa Ujiji. Walipochoka kucheza wakageuka wote wakaniangalia. Eti mjomba ndiye msemaji. Mjomba ndiye anayeyajua mambo ya mjini. Mjomba huyu huyu alifika Dar enzi hizo akaibiwa viatu msikitini, akarudi Kigoma na kandambili za kuazima.

Sasa shika hapo, turudi nyuma kidogo. Mwaka wenyewe ni 2024. Serikali imefunga ziwa letu la Tanganyika, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumzike wazaane. Sina ugomvi na samaki kuzaana, hata mimi nina watoto. Lakini mimi ni mtu wa dagaa. Mwaloni Kibirizi pamelala. Mitumbwi imepanda mchangani, taa zimefungwa, wavuvi wanacheza bao tangu alfajiri. Hapo hapo, Juni, Bodi ya Mikopo ikafungua dirisha la maombi. Ziwa limefungwa, dirisha liko wazi. Na kila kitu cha kupita kwenye dirisha lile kina bei. Shilingi 30,000 ya kuomba. Hela ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA. Hela ya picha. Hela ya steshenari. Hela ya kopi, na hela ya kopi ya kopi. Yaani unaomba mkopo kwa kuwa huna hela, halafu unaambiwa lete hela tuamini kwamba huna.

Nikauza baiskeli.

Ndani ya fomu mna sehemu ya mdhamini. Dada akasema andika mjomba. Picha ya mjomba, kitambulisho cha mjomba, saini ya mjomba. Nikasaini kwa mbwembwe, nikaipiga mstari chini, nikajiona mtu. Usiku ndipo usingizi uliponiruka. Asubuhi nikamfuata mwalimu mmoja mstaafu tunayekunywa naye kahawa. Nikamuuliza, mwalimu, deni hili linalipwaje? Akasema, mtoto akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka liishe. Na asipoajiriwa? Mwalimu akapuliza kahawa. Asipoajiriwa, mwalimu? Akaagiza kashata. Mpaka leo hajanijibu, na kashata nililipa mimi.

Halafu ikaja habari ya i. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina la baba yake lina i mwishoni. Cheti cha kidato cha nne, i haipo. Kidato cha sita imerudi. Mimi maisha yangu yote nimemuita shemeji, sijawahi kuwa na haja ya kujua anaishia na herufi gani, na yeye Mungu alishamchukua, hawezi kuulizwa. Nikasema jamani, i moja tu, si tuichomekee kwa kalamu? Kijana wa steshenari akainua macho akaniambia, mzee, hiyo ni jinai. Mbele za watu! Wanunuzi wa vocha wakageuka. Binti naye akanivuta shati, akanong'ona, mjomba usiseme kitu tena. Hajaanza hata muhula, tayari ananishauri ninyamaze.

Dawa ya i ni kiapo. Tukaenda kwa wakili. Ofisi ndogo, feni moja, kalenda ya mwaka juzi. Akaandika nusu ukurasa, akatusomea, akagonga muhuri, akataja bei. Jirani, mimi nilitaka kukaa chini. Nikamtazama mtoto nikidhani na yeye kaumia. Wapi! Macho yanamng'aa. Anauangalia ule muhuri, anaiangalia saa ukutani, anapiga hesabu ya mihuri mingapi kwa saa. Nikajua huyu wito umemshukia.

Barua ya mtendaji siisemi sana. Nilikwenda, hayupo. Nilikwenda, yupo ila wino hakuna. Na kingine, ukishataja Kigoma kwenye ofisi za watu lazima atokee mmoja akuulize ni upande gani wa mpaka. Baba yangu kazikwa Ujiji, babu yangu kazikwa Ujiji, lakini wao hawakuacha kopi.

Kilichonichosha zaidi ni yale maelekezo ya kujiunga na chuo. Kurasa na kurasa, zote Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria, lugha ya sheria na ya mahakama ikawa Kiswahili. Zile fomu nadhani hazikuwa bungeni siku hiyo. Binti anasoma, mimi natikisa kichwa. Kupima macho, sawa. Kupima mkojo, sawa. Bima ya afya 50,400, hapo nikaacha kutikisa. Suti nyeusi na shati jeupe kwa ajili ya mahakama ya kuigiza. Ya kuigiza! Nikauliza, sasa kama mahakama ni ya kuigiza, suti si na yenyewe iigizwe? Hakuna aliyecheka.

Mwalimu wa kahawa ndiye aliyenipa moyo, kwa namna yake. Akaniambia kitivo cha sheria ndicho kilichoanzisha elimu ya chuo kikuu nchi hii. Oktoba 1961, jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi 14 basi. Hata Mlimani hawajahamia, walikwenda 1964. Nikawaza, 14! Hao unawajua kwa majina. Mmoja akipoteza i, mnaitafuta wote.

Tukapanda treni. Ile ile ya reli ya kati iliyofika Kigoma 1914, maana hiyo ya umeme kwetu bado tunaisubiri. Zaidi ya kilomita 1,200 za kutazamana. Nimebeba begi la mtoto, gunia la dagaa za kubembelezea ndugu wa Dar, kidumu cha mawese, na bahasha ya kaki yenye maisha yote ya binti. Nikaiweka bahasha chini ya kiti iwe salama. Kidumu nacho nikakiweka hapo hapo, kiilinde. Sasa mfuniko wa kidumu ulitengenezwa na nani, mimi sijui. Tunafika Tabora, nasikia ugoko una joto. Tunafika Dodoma, suruali yangu ya pekee ina ramani ya ziwa, Kigoma mpaka Mpulungu, rangi ya chungwa.

Na bahasha imekunywa.

Wajerumani walituletea meli ya Liemba kutoka Papenburg ikiwa vipande, maboksi kama 5,000, wakaiunga hapa Kigoma, ikaelea 1915. Wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, 1927 ikarudi kazini. Maboksi 5,000! Mimi nilikabidhiwa bahasha moja.

Getini kwa hicho chuo pana bango la mavazi. Limechorwa watu, kila mtu kapigwa msalaba mwekundu. Kaptula, msalaba. Tumbo wazi, msalaba. Mlegezo, msalaba. Askari akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka, akafika magotini akasimama. Akaliangalia bango. Akaniangalia tena. Naona anatafuta mchoro wangu, haupo, hawakufikiria. Mzee, hiyo ni damu? Nikasema mawese. Akainama akanusa, mbele ya wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza na wazazi wao waliokuja na magari. Akasema kweli mawese, pita. Binti akatangulia hatua nyingi mbele, akawa haendi na mimi.

Dirisha la uhakiki wa vyeti. Foleni imetoka nje, imezunguka mwembe, imerudi. Wazazi wenzangu wana mafaili ya plastiki, kila karatasi na mfuko wake. Zamu yetu ikafika. Dada wa dirishani akaichukua barua yetu ya udahili kwa vidole viwili. Akaiinua kwenye mwanga. Jirani, karatasi ikinywa mawese inakuwa kioo. Muhuri wa mtendaji uliokuwa ukurasa wa nyuma ukaonekana mbele. Saini ya wakili imepanda juu ya picha yangu. Na ile i, i niliyomlipa wakili kwa ajili yake, imeyeyuka ikawa kidoa. Akauliza, hii ni halisi? Nikamwambia dada yangu, hii ni halisi kutoka Kigoma, hata nusa. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mkubwa wao. Wakaishika kwa zamu, wakawa wanafuta vidole kwenye mafaili ya watoto wa wenzetu. Nyuma yangu nasikia, ni huyo mzee wa mawese. Jina likakaa. Kila dirisha nililokwenda baada ya hapo nilikuta limenitangulia.

Kwenye malipo ndiyo usiseme. Wanakupa kontrol namba, unakwenda kulipa kwa simu, meseji inaingia, hela imekwenda, unarudi. Wanatazama kompyuta. Mfumo haujasoma. Nikasubiri kwenye benchi. Mfumo haujasoma. Nikala chapati. Haujasoma. Nikamwambia yule kijana, samahani mwanangu, hapa si chuo? Watoto wote hawa wamekuja kusoma, nyie wenyewe mmesoma, sasa huo mfumo una tatizo gani la kusoma? Akaniambia mzee ukae pembeni unazuia wenzako.

Hosteli, majina yamebandikwa ubaoni, lake halipo. Kesho yake naambiwa msijali, kuna mwenzake kutoka Kasulu anambeba. Nikashituka. Anambeba wapi, na kwa nini, miguu ina nini? Kumbe chuoni wanalala wawili kitanda cha mtu mmoja, mwenye kitanda ndiye anayebeba. Na bumu, ile hela ya kula ya mkopo, ikitoka ni 10,000 kwa siku. Mimi roho ikaniruka. Elfu kumi kwa siku, umekaa, unasoma! Nikauliza kama wadhamini na sisi tuna chetu hata elfu moja. Binti akanikanyaga.

Halafu kikao cha kukaribisha wageni. Nikaketi nyuma nifiche suruali. Akasimama mhadhiri, suti imemkaa, anaongea taratibu. Akasema ukifeli unapata sapu. Ukizidi kufeli unakwenda disko. Nikacheka kwa sauti, nikamwambia mzazi wa pembeni, huyu wetu hana wasiwasi, muziki haupendi kabisa. Mzazi akanitazama kwa huruma. Disko ni kufukuzwa, jirani. Kumbe hapo hata bado. Ukimaliza miaka yako ya shahada hujawa wakili. Unakwenda tena ile Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Law School wanaiita, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Yule mzazi akanikumbusha ya 2022, yale matokeo yaliyotikisa nchi. Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waziri wa sheria akaunda kamati, akamweka Mwakyembe mwenyekiti. Nikahesabu kwa vidole. Deni, asilimia 15, 26 kwa 633, na saini yangu iliyopigwa mstari chini. Kahawa ya mwalimu ikanirudi kooni.

Nikarudi Kigoma. Ziwa lilishafunguliwa. Nikajua sasa napumua. Thubutu! Ada ya awamu ya pili ikadaiwa katikati ya mbalamwezi. Wewe wa hapa unajua, mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, Kibirizi hakuna anayeingia ziwani. Nikampigia binti, waambie wasogeze tarehe mwezi uishe. Akasema mjomba, mwezi hauko kwenye kanuni za chuo. Nikasema wauweke. Akasema kanuni zinapitishwa na seneti. Nikaomba namba ya seneti.

Sasa hivi anaongea kwa vifungu. Nilimuahidi hela ya suti, nikachelewa kidogo, akanipigia akaniambia ahadi yangu kisheria ni ngumu kuitekeleza kwa sababu yeye hakutoa chochote kubadilishana nayo, lakini kimaadili nifikirie. Nikatuma suti yangu ya harusi. Akairudisha kwa basi, eti mahakama ya kuigiza haina jaji anayeweza kuivumilia.

Juzi nikaona hapana, hela zote hizi na mimi nifaidi. Kigoma siku hizi tuna Mahakama Kuu yetu wenyewe, siyo zamani rufaa inapanda treni kwenda Tabora, kwa hiyo mtu anaweza kushitakiwa hadi juu bila hata nauli. Lazima ujipange. Nikanunua vocha, nikampigia. Nikamwambia mwanangu, niambie kitaalamu sasa, maana wewe ni mtu wa sheria. Ukimaliza ukakosa kazi, lile deni la Bodi, mimi mdhamini watanifuata, hawatanifuata?

Akanyamaza. Nikasikia anafungua kitabu. Nikasikia anafunga. Akakohoa vilevile kama yule mhadhiri wa suti.

"Mjomba," akasema, "inategemea."

Inategemea nini mwanangu?

Vocha ikaisha.