Sifa za Hati ya Mashua

Watu wa kalamu wamekwisha kuusifu mwezi, mvua, mama na nchi, wala hapana ajabu kwamba katika shughuli hiyo kubwa wameisahau hati moja dhalili, yenye muhuri wa bluu na saini isiyosomeka, ambayo pasipo hiyo chombo cha majini hakina jina, hakina kwao, wala hakina haki mbele ya yeyote: hati ya usajili. Nakusudia kuisifu mimi, mkazi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mahali pa mchele wa Kyela, viazi vya Umalila, marobota ya mitumba na makondakta wasiochoka koo, ambapo maji ya kina kirefu kuliko yote ni yale yatuamayo katika mashimo ya barabara wakati wa masika. Umbali huo wanifaa, kwa sababu mwenye chombo hana wasaa wa kuisifu hati yake; muda wake wote huishia katika kuitafuta.

Na katika vyombo vyote sichagui jahazi la shehena wala boti la wavuvi, maana hayo yana udhuru wa riziki. Nachagua mashua ya starehe, ambayo haina kazi yoyote duniani isipokuwa kumburudisha mwenyewe siku ya Jumapili, kwani hapo ndipo hati hudhihirisha adabu yake kamili. Mfanyabiashara wa hapa akijaliwa faida ya mpunga, akanunua boti la fiba pamoja na mashine yake, akaliteremsha kwa lori kupitia Tukuyu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zaidi ya mita elfu moja chini ya mlango wa duka lake, hudhani kwamba sasa ana boti. La, hasha! Anacho kitu kinachoelea, basi. Mpaka athibitishe kwa hati ya mauzo kwamba alikinunua wala hakukiokota. Mpaka kipimwe urefu, upana na kina. Mpaka mkaguzi aridhike na mashine, jaketi okozi na kizimamoto. Mpaka jina na bandari ya usajili viandikwe kwenye shetri kwa herufi zinazosomeka, ndipo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililorithi kazi hii kutoka mamlaka ya SUMATRA mwaka 2018, litakapokitambua. Mitumbwi ya Wakisi imevusha vyungu kutoka Ikombe hadi Matema vizazi na vizazi kabla karani wa kwanza hajazaliwa, lakini mitumbwi hiyo ina vyungu vya kuitolea ushahidi. Boti la starehe lina karatasi tu.

Asidhani msomaji kwamba taadhima hii ni ya jana. Wenye majahazi wa Sur, katika Omani, waliijua thamani ya karatasi kuliko sisi. Zama zile manowari za Waingereza zilipokuwa zikipekua majahazi katika bahari yetu kutafuta watumwa, Wafaransa hawakukubali vyombo vyenye bendera yao vipekuliwe. Basi mabwana hao, raia wa Sultani wa Maskati, wakajipatia hati na bendera za Ufaransa, wakapita kwa fahari chini ya milingoti yao, na baadhi yao wakiwa na watumwa ndani. Uingereza na Ufaransa zilishindana kwa maneno hata zikafika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 mahakama ya usuluhishi ikahukumu nani astahili bendera ile na nani asiistahili, ikaongeza kwamba ruhusa hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine. Ni karatasi gani nyingine, ukiacha hati za mirathi, iliyopata kuzigombanisha dola mbili kubwa kwa heshima namna hiyo?

Ukarimu wa hati nao ni wa kupindukia. Zanzibar ina daftari lake la usajili wa meli, mbali na lile la Bara, na daftari hilo lilifunguliwa hata kwa meli za wageni, zikapeperusha bendera ya Tanzania katika bahari ambazo sisi hatuzijui ila kwa ramani. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilizifuta mbili katika hizo, Kaluba iliyonaswa na dawa za kulevya pande za Jamhuri ya Dominika, na Andromeda iliyonaswa Ugiriki na vitu vya kutengenezea milipuko. Na Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za kigeni, akaagiza nyingine zaidi ya 400 zichunguzwe. Mfanyabiashara wetu, anayehangaikia jaketi okozi, asome habari hiyo kwa faraja.

Lakini hakuna mahali hati hii inapong'aa kama katika Ziwa Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ufukweni. Malawi husimama juu ya maandishi hayo na kudai maji yote hadi kwenye mchanga wetu, nasi husema mpaka u katikati ya ziwa. Kwa hiyo mtu akilisukuma boti lake Matema, kwa hesabu ya Lilongwe amekwisha kusafiri ughaibuni kabla goti halijalowa, na kwa hesabu ya Dodoma bado yu barazani kwake. Mwili wake hauwezi kuwa nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Hati yake yaweza, wala haitoki jasho.

Tena hati haina upendeleo, wala haijali usuhuba. Agosti 1914 nahodha Rhoades wa Gwendolen, meli ya Waingereza, alivuka ziwa hilo hilo hadi Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaipiga mzinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, sahibu wa Rhoades katika glasi kwa siku nyingi, ambaye habari ya vita ilikuwa haijamfikia, alipanda kidau kwa ghadhabu akamwendea kumuuliza kama amelewa. Jawabu halikuwamo katika chupa: meli zao zilikuwa chini ya bendera za wafalme wawili waliokwisha kugombana huko Ulaya, na Berndt akashikwa mateka papo hapo.