Tovuti Inayofunguka Kwangu Tu

"Kijana wetu, kwa hiyo hii tovuti inafunguka kwako tu?" Mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki aliniuliza hivyo jana, kwa ule upole wa mzee anayempa mwizi nafasi ya kurudisha kuku.

Muda mfupi kabla, walikuwa wameizunguka laptopu yangu hapa Busunzu wakimimina sifa: picha za mizinga, bei ya asali, kitufe cha kijani cha kuagizia. Mama katibu akaona anwani juu ya ukurasa, localhost, akainakili na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. "Mama, subiri kwanza," nikasema. Wapi! Ilishafika Kasulu. Simu zikaanza kujibu moja moja: tovuti haipatikani. Mjumbe mmoja akatuma ujumbe wa sauti, nao ukasikika ukumbi mzima: "Hela mmeshampa?"

Nikasimama kufafanua. Localhost kwa kawaida husimama badala ya namba 127.0.0.1, na kila kifaa huielewa namba hiyo kuwa "mimi mwenyewe". Laptopu yangu ikiiita, ombi halitoki nje hata hatua moja. Linageukia humo humo, linabisha mlango namba 80, na Apache, seva iliyokuja na XAMPP, kifurushi cha kujaribia tovuti ndani ya kompyuta, inaitikia na kutoa ukurasa. Simu ya mama katibu ilipoiita, ilijibishia hodi yenyewe, ikakuta hakuna mtu. Ya Kasulu vilevile. Grupu zima lilikuwa linajigongea milango! Tena si namba moja: zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zimetengwa ili vifaa vijisemeshe, wakati ghala kuu la dunia la anwani za namba za aina hii liliishiwa Februari 2011. Mimi jambo hili hunisisimua. Mweka hazina akauliza kama hizo milioni 16 ni shilingi.

Kuiweka hewani ni kulipia domeni na seva ya kukodi, na wao wenyewe ndio waliosema waione kwanza. Haya. Lakini hata hiyo XAMPP inayosifiwa kufanya kazi bila intaneti, lazima uipakue kwa intaneti, na ni faili kubwa. Nilipanda kilimani kufuata mtandao, ikafika asilimia tisini na kitu, bando la siku likafikia saa yake ya kufa, na kazi ikaanza sifuri. Nimelinunua kwa hela yangu. Kwa nini life hata kama sijalimaliza? Anayeandika "pakua, bofya, endelea" anadhani intaneti inatoka bombani, na hizo megabaiti hakuna aliyenirudishia.

Kisha programu nyingine ikaukalia mlango 80, nikaifukuza. Umeme ukakatika, kanzidata ikagoma kuamka.

Mwenyekiti amenipa wiki mbili. Mama katibu ameshachapisha lebo za chupa za asali huko Kibondo mjini, na anwani ameiweka kwa herufi kubwa: LOCALHOST.