Kwa Heshima na Taadhima: Boda ya Baiskeli

Wapo wanaomsifu simba, wapo wanaosifu gari la mbunge. Mimi nasimama kuisifu boda boda ya baiskeli ya Kisumu, chombo kilichonichelewesha kazini, kikanichania suruali, kikanipaka grisi siku ya arusi ya shemeji, kisha kikanidai nauli.

Nasaba yake si haba. Ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, ikivusha watu na magunia katika kile kipande cha ardhi kilicho baina ya vituo viwili vya mpaka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Boda ya baiskeli, kwa jinsi ninavyoijua tabia yake, ilichukua muda wake.

Fadhila zake ndogo nazitaja kwa kupita. Petroli ikipanda bei, yenyewe haina habari. Mvua ikinyesha, inakuogesha bure. Haina namba ya usajili, hivyo ikikugonga unaepushwa na usumbufu wa kuandikisha taarifa polisi. Breki zikikataa, kijana hukandamiza soli ya akala kwenye gurudumu; na kwa kuwa akala hukatwa kwenye tairi kuukuu, tairi husimamishwa na tairi mwenzake, mambo yakaishia ndani ya ukoo.

Lakini fadhila kuu ni ule mwendo wa taratibu. Anayepita Kibuye kwa matatu huona soko kama rangi iliyomwagika. Mimi, juu ya keria, nimewahi kusikiliza ugomvi wa omena tangu shtaka hadi hukumu: mteja alidai gorogoro ya kupimia imebonyea kitako, muuzaji akaapa, mashahidi watatu wakaitwa, gorogoro ikapinduliwa, kitako kikaonekana kweli kimebonyea, na sisi bado tulikuwa hatujalipita banda. Mashimo ya barabara nayajua moja moja, na yapi yamezaa. Tangazo la msiba lililobandikwa kwenye nguzo nalisoma lote, na wajukuu wote, hadi jina la mpiga chapa. Mtu anayenidai huniona, hunifikia kwa miguu, hunisalimu, hunikumbusha deni, hupokea kidogo, hunitakia safari njema, kisha hunipita. Na kikao? Nafika wakati wa sala ya kufunga, nimeepushwa na kumbukumbu za mkutano uliopita na yatokanayo nazo, nikaiwahi chai na mandazi. Gari gani lina hekima hiyo?

Kisha barabara inaanza kupanda kuelekea Kondele.

"Mzee, teremka kidogo."

Nateremka. Jua la saa nane, natembea kando ya kiti nilichokikodi, kimekaa peke yake kwa raha na vishada vyake vya rangi. Nauli haipungui. Jamani, nani alipitisha sheria kwamba mtu alipie kutembea kwa miguu yake mwenyewe? Namuuliza. Kijana anajibu kwa adabu, shati limemgandia mgongoni, kwamba kunibeba mimi na gunia langu la mahindi tangu mjini nako ni kazi, na nauli ni ile ile ya mwaka juzi.

Kabla sijapata la kujibu, honi inalia nyuma yetu. Gari kubwa la vioo vyeusi linatusukumia mtaroni na kupita. Ndani yake, yaelekea, mtu mmoja.

Basi hasira yangu ikahama. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na mwenye pedeli akaachwa apambane na moshi kwa mapaja yake. Bujumbura, Machi 2022, walinyoosha maneno: baiskeli za abiria, pikipiki na bajaji zikafukuzwa katikati ya jiji. Kwetu tangazo si lazima. Unajenga tu barabara ya juu pale Kondele, magari yaruke, mwenye baiskeli ajitafutie njia baina ya matatu inayorudi nyuma na mtaro usio na kifuniko. Kisha unakwenda hotelini kwenye semina ya tabianchi, unasifia usafiri usio na moshi, unakunywa maji ya chupa, na unarudi nyumbani na dereva, kiyoyozi kikivuma.

Waheshimiwa, mji hamuuoni kwa sababu mnaupita mbio. Natoa hoja: kila mwenye kauli juu ya barabara zetu akabidhi ufunguo wa gari, abebwe kwa keria mwezi mzima, na mlimani ateremke kama sisi, nauli kamili. Akilalamika kwamba amechelewa kikao, aambiwe asiwe na wasiwasi: ile lami aliyoahidi kwenye kampeni nayo bado iko njiani.