Mnyororo wa Tela Haununuliwi kwa Macho

Katika vifaa vyote vya tela, mnyororo wa usalama ndio unaochaguliwa kwa mzaha kuliko vingine. Tairi mtu atalipiga teke, taa ataijaribu mara mbili, rangi ataibishania mpaka jua lizame. Akifika kwenye mnyororo, anachukua kipande kilichobaki getini, au ule wa mbwa, na mbwa anaombwa avumilie. Sababu inaeleweka: mnyororo huu hauvuti chochote. Unaning'inia tu chini ya mkono wa tela, ukingoja siku kiunganishi kitakapochomoka kwenye tufe la chuma nyuma ya pikapu, na kitu kinachoishi kwa kungoja hakina heshima mbele ya watu. Mimi nashikilia kwamba ununuliwe kwa ajili ya siku hiyo moja, na siku hiyo haina habari na unene wala mng'aro wake.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo uongo wa kwanza unapozaliwa. Kila mwenye tela huliita "kijitela" tu. Haya, kijitela chenye kilo 400 kikipakiwa mifuko 30 ya saruji ya kilo 50, tayari kina kilo 1,900. Kikichomoka kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kinakwenda na nishati ile ile ambayo kingekuwa nayo kama kingedondoshwa kutoka mita 14 juu, karibu na paa la jengo la ghorofa nne. Ndiyo maana wenye kutunga kanuni hawaulizi mnyororo unaonekanaje. Australia inakubali mnyororo mmoja kwa tela lisilozidi tani 2.5 pamoja na mzigo wake. Likizidi hapo, lazima iwe miwili. Pengine watu hujitetea kwamba nyuma ya tela wameandika "Mungu Ndiye Dereva". Maandishi mazuri, ila hayajapimwa yanahimili kilo ngapi.

Uongo wa pili ni wa macho. Weka mezani minyororo miwili yenye unene wa 3/8 ya inchi, yaani milimita 10 hivi. Wa daraja la 30 unaruhusiwa kubeba kilo 1,200, wa daraja la 70 karibu kilo 3,000, na ukiitazama ni pacha. Tofauti imo katika chuma chenyewe na namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kinachoitangaza ni tarakimu ndogo zilizogongwa kwenye pete zake. Muuzaji atakuapia, "Huu orijino, bosi," na hasemi uongo: ni orijino, isipokuwa hakuna ajuaye ni orijino wa daraja gani. Usio na alama uhesabu kuwa wa daraja la chini kabisa. Hata ule mzuri, fundi hodari anaweza kuuharibu kwa dakika mbili akiuchomelea kwenye tela, kwa kuwa moto wa kuchomelea unalegeza kile ambacho moto wa kiwanda ulikikaza. Na kwa kuwa kamba hukatikia pembamba, mnyororo wa kilo 3,000 uliofungwa kwa waya wa nondo una nguvu ya waya wa nondo.

Wapo wasemao dereva mwangalifu hahitaji mambo haya. Tatizo ni kwamba uangalifu wa barabarani hausaidii kosa lililofanyika uani. Kiunganishi cha inchi 2 na 5/16 hukaa vizuri juu ya tufe la inchi 2; kinafungika, kinatulia, hata picha kinapiga, mpaka tuta la kwanza. Baada ya hapo dereva mwangalifu anaona kwenye kioo cha pembeni tela linalofanana sana na lake likitaka kumpita.

Lipo pingamizi lenye akili zaidi: mnyororo ukishika kweli, tela si litaiburuta gari mtaroni na waliomo? Afadhali liende zake. Lakini "zake" ni wapi? Ni upande wa pili wa barabara, kwa bodaboda na abiria wake ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Dawa ya kuburutwa ni mpangilio: minyororo miwili ipishane chini ya mkono wa tela, ili mkono ukidondoka ulale juu yake badala ya kuchimba lami. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona, isiguse barabara. Unaokokoteka husagika na kurusha cheche, na cheche si jambo la kuchezea: mwaka 2018, jimboni California, ringi ya tela lililopasuka tairi ilikwaruza lami, ukazuka moto wa Carr ulioteketeza nyumba zaidi ya 1,000. Wengi huufupisha mnyororo kwa kuusokota, bila kujua kwamba pete zilizosokotwa huvutwa kiupande na kupungua nguvu. Zilizozidi zikatwe tu. Kisha ndoano ishike fremu ya gari, kamwe isishike tufe. Tufe liking'oka na mnyororo ukiwa umefungwa hapo hapo, vyote vitaondoka na tela, vikiwa vimeungana barabara kabisa.