Hamamu Isiyokuwa na Maji

Sisi watu wa Mjini tuna imani yetu kwamba pori liko bara. Huko ndiko kwenye simba, fisi na watu wanaovaa mabuti. Unguja tuna mikarafuu, upepo wa bahari na paka wa Darajani, basi. Chui tuliyekuwa naye hajulikani alipo. Wazee wa shamba watakwambia yupo, kafugwa na mtu, na ukiuliza mtu gani mazungumzo yanageuzwa yanakuwa ya bei ya karafuu. Mgeni akishikilia kuona mnyama hupelekwa Jozani akaangaliwe na kima punju, ambao siku hizi wamezoea kupigwa picha kuliko maharusi.

Basi shemeji yangu alipotua kutoka Maskati akasema hataki mahoteli, anataka Unguja yenyewe, ya majani na wadudu, mke wangu akaamua: Kidichi. Karibu, kuna viungo, kuna hamamu ya Sayyid Said, na jioni mnarudi mkiwa na njaa. Shemeji akafurahi. Asubuhi akatoka chumbani na kanzu nyeupe iliyonyooshwa pasi ikanyooka, kofia ya kushonwa kwa mkono na viatu vyeupe pia. Nikamtazama mke wangu. Naye akanitazama jicho moja tu, lile la "huyo ni kaka yangu". Nikanyamaza.

Tulipanda 502 hadi Bububu. Bi mkubwa mmoja aliingia na kikapu cha kuku, akakiweka mapajani kwa shemeji kama vile walikuwa wameahidiana. "Nishikie kidogo, mwanangu." Tulipopita Mtoni nilimwonyesha magofu ya kasri alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, lakini hakuweza kugeuza shingo. Jogoo alikuwa akimtazama machoni.

Bububu tukashuka, tukaiacha pwani, tukapanda kilima kwa miguu. Wazo la miguu lilikuwa la shemeji. Alisema hewa ya karafuu ni dawa. Upupu tuliuona njiani tukaupita kwa adabu. Shambani akatupokea kijana anayetembeza wageni, mwenye kisu kidogo na maneno mengi. Alikwangua mzizi wa mdalasini tukanusa: ukanuka dawa ya mafua. Alipasua kungumanga, ikaonekana ndani ya basbasi yake nyekundu iliyoizunguka kama wavu. Kisha akamuuliza shemeji, mtu anayekunywa kahawa ya iliki asubuhi na jioni tangu azaliwe, iliki inazaa wapi. Shemeji akaangalia juu mtini.

"Chini, ami. Chini kabisa."

Na kweli. Majani ya mwiliki yanapanda hewani marefu, lakini vitumba viko kwenye vikonyo vinavyotambaa udongoni, shinani, na ukivitaka lazima uiname. Shemeji alipiga magoti. Alipoinuka kanzu ilikuwa na madoa mawili ya udongo mwekundu. Kijana, kwa kumliwaza, akafungua tunda la mzingefuri lenye manyoya manyoya, akazisaga mbegu zake kidoleni na kumpaka paji la uso, kama wanavyopakwa wageni wote. Kulikuwa na joto. Jasho likateremka, na zingefuri ikateremka nalo hadi kifuani. Mke wangu ameifua kanzu ile, kaianika, kaifua tena. Zingefuri haikutiwa kwenye biriani bure.

Yote hayo shemeji aliyachukulia kiungwana. Kilichomshinda ni mkarafuu. Alitaka picha ya kumpelekea mama yake, akauegemea, mkono mmoja shinani, mwingine kiunoni, mfano wa mwenye shamba. Juu ya kofia yake kulikuwa na fungu la majani mabichi yaliyoshikana. Ukiliangalia kwa karibu unaona yameshonwa kwa uzi mweupe mwembamba, na mafundi wake ni chungu wekundu wanaowatumia watoto wao: mkubwa humbana funza mdomoni, akampitisha huku na huku, na funza ndiye anayetoa hariri. Wakulima hawawavunjii nyumba hovyo, maana huwala wadudu wanaofyonza nazi changa. Mmoja akikuuma hukunja tumbo na kumimina tindikali pale pale alipouma.

"Majimoto, ami!" kijana akapiga kelele. "Majimoto!"

Shemeji, aliyeambiwa tangu jana kuwa hamamu iko karibu, akauliza kwa shauku: "Yako wapi?"

Yalikuwa shingoni. Kanzu ni vazi la heshima, lakini haina mlango wa dharura. Aingiaye kwa juu hutokea chini, na safari ni ndefu. Sijui kama Kidichi imewahi kuona mtu wa umri ule akikimbia vile. Alikimbilia hamamuni.

Hamamu ile ilijengwa mwaka 1850, Sayyid Said akimjengea mkewe kutoka Uajemi, mjukuu wa Shah. Ni nzuri bado: kuba nyeupe zenye matundu ya kuingizia mwanga, kuta zenye ndege na maua ya chokaa kwa ufundi wa Kiajemi, mabaraza ya mawe. Shemeji hakuona ua hata moja.

"Maji yako wapi, babu?"

"Maji ya nini?" mzee wa pale akamjibu. "Haya makumbusho, mwanangu." Lakini alipomtazama vizuri akaingia kibandani, akamletea kopo lake la udhu. Shemeji akavua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akajimwagia shingoni juu ya jiwe walilokaa wafalme. Hapo wakaingia watalii. Wakasimama kimya, wakapiga picha. Mmoja alipotoka akaacha shilingi elfu tano barazani. Mzee alizitia mfukoni, na sidhani alikosea, maji yalikuwa yake.

Husemwa kuwa mfalme aliiweka hamamu huku ili aoge baada ya kuwinda au kukagua mashamba. Mimi naamini aliwahi kuegemea mkarafuu. Waliouparamia kila msimu walikuwa watumwa, na hao hakuna aliyewajengea hata kisima cha kunawa.

Ukienda Kidichi, basi, tazama majani kabla hujaegemea shina, vaa suruali ya rangi ya udongo, na chukua maji yako. Ya babu ni ya udhu.